Tovuti iliyowaita wenyeji wageni, na fundi aliyekataa

Ni Jumamosi, siku ya soko Tengeru, na asubuhi hii Naisiae Lerionka ameshawarudisha mlangoni watu kadhaa waliotaka dawa ya kupe. Duka la dawa za mifugo ni la jirani. Chake ni hiki chumba cha pembeni, chenye meza moja, kompyuta mpakato iliyokatika bawaba, na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi ya kijani: TUNATIBU TOVUTI.

"Watu wananiambia nikishushe, kinachanganya wateja," anasema bila kuinua macho. "Sikishushi ng'o. Mteja wangu mkubwa kuliko wote aliingia hapa akitafuta dawa ya minyoo ya mbuzi."

Mbele yake kuna tovuti ya mama mmoja anayeuza vitenge. Naisiae anachagua kitenge, anabonyeza kwenda kulipa, kikapu kinafunguka kitupu. Anarudi, anachagua tena, kitupu tena. Anaachia cheko la hasira.

"Unaona? Ukurasa wa kwanza umenijua, wa pili umenisahau. Halafu mwenye duka anaambiwa wateja wake hawajui kununua. Hawajui kununua! Watu wa Tengeru!"

Huo ndio ugonjwa anaoutibu kuliko mwingine wowote, na anaueleza kwa mfano wa hospitali. Ukifika dirishani unapewa kadi yenye namba, na kila chumba unachoingia unaionyesha ili daktari ajue wewe ni nani na umeshapimwa nini. Tovuti nayo kwa asili haina kumbukumbu. Inakupa namba ya siri, simu yako inaitunza na kuionyesha katika kila ukurasa. Mafundi wanaita mpango huo sesheni. Namba ikipotea njiani, au ikikataliwa mlangoni, kila ulichojaza kinatupwa na unaanza upya kama mtu asiyejulikana.

"Kupotea kunatokea kwa sababu mia," anasema. "Lakini kampuni nyingi zina jibu moja tu. Eti mtumiaji amekosea."

Jibu hilo ndilo lililomtoa mjini. Naisiae, mzaliwa wa Elerai na binti wa mfugaji wa Kiarusha, alisomea kompyuta na kuajiriwa katika ofisi yenye kiyoyozi na mashine ya kahawa. Walimpa simu ya wateja. Kila aliyepiga kulalamika, alitakiwa ajibiwe kwa sentensi iliyobandikwa ukutani: jaribu tena baada ya muda, hakikisha umejaza kwa usahihi.

Siku moja aliyepiga alikuwa mama yake mzazi. Hakujua kwamba anayepokea ni binti yake. Alianza kwa kuomba radhi, akisema samahani, mimi ni mshamba tu, nadhani nimebonyeza vibaya. Naisiae aliisoma ile sentensi ya ukutani mpaka mwisho kwa sababu bosi alikuwa amesimama nyuma yake. Kisha akakata simu, akachukua mkoba wake, akaondoka.

"Yeyo, mama yangu, hajawahi kumwomba radhi mtu yeyote bure," anasema. "Na siku hiyo yeye hakukosea kitu. Mashine ndiyo iliyokosea. Iliniuma sana, nikalia njia nzima mpaka nyumbani."

Ndugu walimshangaa. Mtu anaachaje kazi ya kiyoyozi kwenda kukaa ubavuni mwa dawa za kupe? Yeye aliwajibu kwamba kupe nao ni wanyonyaji, angalau jirani yake anawaua. Mwezi mzuri sasa anapata zaidi ya alichokuwa akilipwa mjini. Mwezi mbaya anarudi Elerai kula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwa mama yake, bila aibu yoyote.

Mteja wa minyoo ya mbuzi aliingia mwanzoni mwa kiangazi kilichopita. Jina lake ni Hedwiga Nanyaro, mjane wa Akheri, mkulima wa migomba, maharage na kahawa, mwenye miwani iliyofungwa kamba na ulimi usiokaa kimya.

"Shikamoo koko," alimsalimu Naisiae, akimwita kama Waarusha wanavyowaita bibi zao.

"Marahaba. Lakini mimi si koko, mimi ni Mmeru. Nipe dawa ya minyoo."

Naisiae alimweleza kwamba dawa ni mlango wa pili. Bibi Hedwiga akakitazama kibao, akakisoma kwa sauti, akauliza tovuti ni mnyama gani. Alipoambiwa, akavuta kiti akakaa.

"Basi ile ya mfereji inaumwa," alisema. "Inanisahau."

Watu wa upande wao wanamwagilia kwa mfereji unaoshuka kutoka mlimani, na kila shamba lina zamu yake ya maji. Miaka yote zamu zilipangwa kwa mkutano. Mwaka huo kamati iliamua kila mtu ajisajili kwenye tovuti iliyotengenezwa na kampuni moja ya mjini. Asiyejisajili mpaka Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa zake za maji zingegawiwa wengine mpaka msimu ujao. Bibi Hedwiga alikuwa na miche ya kahawa aliyoipanda mwaka huohuo mahali pa ile mibuni mizee aliyoiacha mumewe. Bila maji ya kiangazi hicho, miche ingekauka.

Watu wa upande wa chini walijisajili bila taabu. Wa upande wa juu, karibu wote, walikwama. Walijaza jina na kitongoji, ukurasa wa kwanza ukakubali. Walijaza mazao na shamba kwenye wa pili, wakabonyeza Endelea, yakafutika yote na kutokea maandishi makubwa: KARIBU, MGENI. TAFADHALI ANZA KUJISAJILI.

"Mgeni!" Bibi Hedwiga alimwambia Naisiae huku akipiga meza. "Nimezaliwa pale, nimeolewa pale, nimezika mume pale, simu inaniambia mimi mgeni! Na imeshanikaribisha mlangoni, nimekaa, nimeanza kula, inakuja tena inaniuliza wewe nani. Mtu mwenye akili zake anamkaribisha mtu mara mbili?"

Naisiae anasema hapo alisisimka mwili. Mafundi wa kampuni walikuwa wamepokea malalamiko mengi ya "haifanyi kazi". Bibi huyu alikuwa amemwonyesha mahali penyewe: kadi ilitolewa mlangoni, ikakataliwa chumba cha pili.

Alijaribu tovuti palepale Tengeru, ikapita mpaka mwisho. Akampigia Nathanaeli Urio, kijana wa kampuni aliyeitengeneza.

"Si unaona inafanya kazi?" Nathanaeli alimwambia. "Dada, wale ni wazee. Wanabonyeza hovyo."

"Inafanya kazi kwangu na kwako," Naisiae alimjibu. "Sisi hatuna mfereji."

Kesho yake akapanda Akheri. Aliketi jikoni kwa Bibi Hedwiga, mikono mapajani, akamwomba afanye kama anavyofanya siku zote. Bibi alijaza ukurasa wa kwanza, ukapita. Akajaza wa pili taratibu, akibonyeza herufi moja moja kwa kidole kilichokakamaa kwa jembe. Mtandao ukakatika. Bibi hakushtuka hata kidogo. Alijifunga kanga, akatoka na simu yake kwenda juu kwenye jiwe.

Kila mtu wa upande wa juu analijua jiwe hilo. Liko kwenye ukingo wa shamba la kanisa, na hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri. Njiani Bibi Hedwiga alisimama kumsalimia jirani, akaulizia ng'ombe aliyezaa, akaulizia mguu wa shemeji, akapewa habari za kipaimara. Walipofika kwenye jiwe akabonyeza Endelea. Karibu, mgeni.

"Nikasema nimeipata, ni salamu!" Naisiae anacheka akikumbuka. "Tovuti ina muda wake wa kukusubiri. Na huku juu huwezi kumpita mtu kama umepita mti, lazima umsalimie mpaka mifugo yake."

Alimtaka Nathanaeli aongeze muda wa kusubiri. Akaongeza, kwa kejeli, akisema sasa wanaweza kusalimiana mpaka Krismasi. Bibi akarudia kutoka jikoni mpaka kwenye jiwe. Karibu, mgeni.

Naisiae anakiri aliishiwa nguvu. Alikaa kwenye jiwe akitazama chini kwenye migomba, na Bibi Hedwiga akakaa kando yake akimenya ndizi mbivu. Wakati huo akapita jirani mwingine kuja kupiga simu, na kabla hajapiga, alifanya kitu ambacho kila mtu wa upande wa juu hukifanya bila kukifikiria. Alibadili laini.

"Nikamuuliza Bibi, na wewe umebadili? Akanishangaa. Akasema, kwani kuna mtu anayepiga simu hapa kwa laini ya jikoni?"

Jikoni inashika laini moja, kwa kudokoa, na wanaiwekea bando. Kwenye jiwe inashika nyingine, nayo wanaiwekea. Kila mwenye simu upande ule ana laini mbili, na ukipanda kwenye jiwe unahamia ya pili kama unavyovua viatu mlangoni. Upande wa chini laini moja inashika kote, hawana haja. Mjini ndiyo kabisa, hawajui hata shida hiyo ipo.

Na tovuti iliwekewa ulinzi mkali. Ikimpa mtu kadi, inaikariri pamoja na njia aliyokuja nayo. Kadi ileile ikija kwa njia nyingine, yaani kwa laini nyingine, inaamua huyu ni mwizi, inaichana kadi na kutupa kila kitu. Halafu, kwa adabu zote, inamkaribisha mwizi wake kama mgeni.

Naisiae alihakikisha papo hapo. Alichukua simu ya Bibi, akajaza kurasa zote akiwa kwenye jiwe, kwa laini moja tu, bila kubadili. Ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho wenye kitufe cha Thibitisha. Ilipita safi. Akamwambia Bibi Hedwiga abonyeze, maji yake yawe salama.

Bibi aliufunika mkono wa Naisiae kwa kiganja. Akamuuliza, na wenzangu?

"Nilimwambia wenzako tutawaelekeza nao waje kujaza kwenye jiwe," Naisiae anasimulia. "Akaniambia, wapo wasioweza kupanda mpaka hapa na kukaa juani. Wanampa mtu simu aje awabonyezee. Na wewe ulisema mashine ndiyo imekosea. Nikipita mimi kwa mlango wa nyuma, nitakuwa nimesema wale wengine ni wajinga. Akaifunga simu, akaitia kwenye kanga. Nikamwomba, koko, miche yako! Akasema miche yangu ninaiona kila asubuhi, huna haja ya kunikumbusha. Na machozi yalikuwa yanamtoka."

Kampuni ilipoambiwa chanzo haikukataa. Ilisema hilo si kosa, ni usalama. Ikapendekeza semina ya kuwaelimisha watumiaji wasibadili laini, na ikamtaka Naisiae mwenyewe aiendeshe, kwa malipo mazuri.

"Nilikataa hapohapo. Sikutoka kwenye ile simu ya ofisini ili nije nisome sentensi ileile mbele ya watu, tena nikiwa nimesimama. Mtu akibadili njia ya kurudi kwake hajageuka mwizi. Kama unaogopa wizi, mtumie ujumbe wenye namba pale mwisho anapothibitisha. Mbona ni kazi ndogo?"

Mzee Aminieli Kaaya, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, alikuwa njia panda. Shamba lake liko chini, na yeye alipita bila shida. "Niseme kweli, niliamini ni uzembe," anasema leo. "Wanatuambia wataalamu, na mimi nimejaza mara moja tu imekubali. Ningejuaje?" Hata hivyo aliitisha mkutano Jumamosi, na kumtaka Nathanaeli aje mwenyewe na semina yake.

Nathanaeli alikuja, amevaa shati jeupe, na wanaomfahamu wanasema si kijana mbaya. Mkutano ulianzia uani kwa mwenyekiti, upande wa chini. Naisiae alimwomba jambo moja tu: awaonyeshe watu namna ya kujisajili vizuri, kwa simu yake mwenyewe, huku wakipanda wote kwenda kwenye jiwe.

Akaanza kwa madoido. Jina, kitongoji, Endelea, ukurasa wa kwanza ukapita. Wakapanda, yeye akijaza mazao ya kubuni na kuwaonyesha kioo. Kwenye kona ya migomba mtandao ukakatika. Simu yake ni ya kisasa, haikungoja kuambiwa, ikahamia laini ya pili yenyewe. Walipofika kwenye jiwe akabonyeza Endelea mbele ya mkutano mzima, na mwenyekiti akamchungulia begani akasoma kwa sauti.

"Karibu, mgeni!"

"Asante!" umati mzima uliitikia, kama mtu anavyoitikia akikaribishwa.

Kilichofuata kilikuwa kicheko cha kufa mtu. Kina mama walishikana mabega. Mzee mmoja alimletea Nathanaeli kigoda, maana mgeni hasimamishwi. Bibi Hedwiga alimuuliza kama amekuja kwa heri na kama nyumbani wanaendeleaje. Nathanaeli mwenyewe, baada ya kujikuna kichwa muda mrefu, akacheka nao. Akafungua kompyuta yake juu ya lile jiwe, Naisiae akakaa kando yake, na wakaiondoa ile amri iliyokuwa ikichana kadi. Mahali pake wakaweka ujumbe wa namba wa kuthibitisha.

Mwenyekiti akawaambia watu sasa wajisajili. Hakuna aliyetoa simu.

"Hilo neno bado lipo," Bibi Hedwiga alisema.

Nathanaeli alieleza kwamba neno hilo sasa litatokea mara chache sana, labda simu ikizimika au mtu akikaa siku nzima. Bibi akamuuliza, na likitokea litamwambia nani? Naisiae akasimama upande wa Bibi. Alitaka maandishi yale yafutwe, na mahali pake yaandikwe aliyoyasema palepale: Samahani, tumekupoteza njiani. Kosa ni letu, si lako. Tafadhali anza tena.

Nathanaeli alimpigia bosi wake, akaweka sauti ya nje. Bosi akasema programu sawa, ibadilishwe, lakini kampuni haiwezi kuandika kwamba imekosea. Iandikwe tu "jaribu tena".

Naisiae anasema alipoyasikia maneno yale aliuona tena ule ukuta wa ofisini. Aliisogelea simu. "Nilimwambia, mzee, mimi ni Naisiae Lerionka, fundi wa Tengeru. Watu wako hapa wamekaa, simu ziko mifukoni. Hawajisajili mpaka mashine yako iwe na adabu. Jumatatu ikifika, utaipelekea kamati tovuti isiyo na watu wa juu, uwaeleze wewe kwa nini."

Alikuwa hajawauliza watu. Na maji yale, anasema, hayakuwa yake. Lakini alipogeuka, watu wa juu walikuwa wamekaa palepale, simu mifukoni. Kisha mwenyekiti, mtu wa chini, aliyejisajili zamani, akaitikia kwenye simu: "Na mimi najiondoa. Nifute."

Bosi alikata simu. Wakakaa. Kina mama wakaanza kugawana ndizi. Ndizi hazijaisha, Nathanaeli akapokea ujumbe wa neno moja: Andika.

Bibi Hedwiga alikuwa wa kwanza. Jikoni kwa laini moja, salamu njiani kama kawaida, jiwe kwa laini nyingine. Safari hii ukurasa ulimwandikia: Karibu tena, Hedwiga. Akabonyeza Thibitisha kwa kidole chake kilichokakamaa, na watu nyuma yake wakapanga foleni.

Miche ilipata zamu yake. Baadhi ilikuwa imeshakufa, na Bibi haifichi. Ameacha mashimo wazi mpaka atakapopanda mingine. Iliyobaki ina majani ya kung'aa, na mwandishi alilazimishwa kuikagua mche kwa mche.

Naisiae sasa ana masharti kwa kila mteja. Tovuti yoyote anayoitengeneza lazima ijaribiwe Akheri, kutoka jikoni mpaka kwenye jiwe, na wanaoijaribu wanalipwa. Na lazima iwe na ile sentensi ya kuomba radhi. Wateja wawili wakubwa wa mjini wamemkimbia kwa ajili ya hiyo sentensi. Aliwafungulia mlango mwenyewe, anasema, ili watoke vizuri. Ndoto yake ni kujenga banda dogo pale kwenye jiwe, lenye benchi na paa, aite shule, wasichana wa Elerai na wa Akheri wajifunze kutafuta mahali ambapo mashine inasahau watu.

Mchana huu wa soko, Bibi Hedwiga anaingia chumbani akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando, mlango wa kwanza, makusudi kabisa, ingawa amefuata dawa ya minyoo. Anaomba jambo moja. Hajawahi kuiona ile sentensi, kwa kuwa tangu siku ile tovuti haijamsahau.

Naisiae anaivunja sesheni kwa makusudi na kumgeuzia kompyuta. Bibi anafunga vizuri kamba ya miwani, anasogeza uso, anasoma kwa sauti, neno moja moja, kidole kikifuata. Samahani. Tumekupoteza njiani. Kosa ni letu, si lako.

Anainua kidole kutoka kwenye kioo.

"Haya," anaiambia kompyuta. "Nimekusamehe."

Kisha anamgeukia Naisiae. "Na ile ya kununulia mbegu, iliyomliza dada yangu juzi, yenyewe itaomba radhi lini?"

"Jumatatu naanza nayo, koko," anasema Naisiae, ameshaivuta kompyuta upande wake.